Kimya si Ukaidi: Tiba Mpya ya Usonji na Kazi ya Askari

Katika nchi za Marekani, Uingereza na Australia kumezuka, kwa muda wa miaka thelathini hivi iliyopita, mjadala mkubwa juu ya watu ambao bongo zao hufanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi. Mjadala huo ulianzishwa na watu wenyewe wa namna hiyo, ukaingia katika vyuo vikuu, na sasa umefika katika vyumba vya wanasaikolojia wa tiba, yaani wataalamu wa nafsi na mwenendo wa binadamu ambao hutibu kwa upimaji, mazungumzo na mazoezi. Baadhi ya wataalamu hao leo hufanya kazi iitwayo tiba ya kumkubali mtu alivyo. Huenda askari asomaye ukurasa huu ajiulize: jambo hili lina uhusiano gani na mtu wa bunduki na pingu? Sisi twaonelea kwamba uhusiano upo, tena ni mkubwa, kwa kuwa damu imekwisha kumwagika kwa sababu ya kutolijua.

Tarehe 18 Julai 2016, katika mji wa North Miami, jimbo la Florida, mtu mmoja aliwapigia polisi simu akasema ameona mtu barabarani ameshika kitu mfano wa bastola. Polisi walipofika walimkuta kijana mwenye usonji ameketi njiani, naye ameshika kigari cha kuchezea. Alikuwa ametoka katika nyumba ya malezi, na mhudumu wake alikuwa amemfuata ili amrudishe. Mhudumu huyo alijilaza chali, akainua mikono yote miwili, akawapigia polisi kelele kwamba kile kilichoshikwa na mwenzake ni kigari tu, na kwamba hapakuwa na haja ya silaha. Askari mmoja aliyekuwa mbali kiasi cha mita 45 alifyatua risasi tatu. Moja ilimpata yule mhudumu mguuni. Baadaye ilielezwa kwamba askari alikuwa amemlenga yule kijana, akidhani kwamba alitaka kumdhuru mhudumu. Mwaka 2019 askari huyo alitiwa hatiani kwa kosa dogo la uzembe. Mwaka 2022 mahakama ya rufani iliifuta hukumu hiyo.

Tarehe 30 Mei 2020, mjini Jerusalem, Mpalestina mmoja mwenye usonji, aliyekuwa na umri wa miaka 32, alikuwa akienda katika shule ya watu wenye ulemavu aliyoihudhuria ndani ya Mji Mkongwe. Polisi wa mpakani wa Israeli walimshuku kuwa ana silaha. Yeye alikimbia, wakamfuata mpaka mahali pa kuwekea taka, na hapo akapigwa risasi akafa. Hakuwa na silaha yoyote. Mwalimu wake, aliyekuwapo mahali pale, alieleza kwamba aliwapigia askari kelele kuwa mtu huyo ni mlemavu. Mwaka 2023 askari aliyeshtakiwa kwa kifo hicho aliachiwa huru.

Hatukuyaleta mambo haya ili tuwahukumu askari wa nchi nyingine. Mahakama zao zimekwisha kusema zilichosema. Tumeyaweka pamoja kwa sababu yanafanana katika jambo moja. Mara zote mbili palikuwapo mtu aliyemjua yule aliyeshukiwa, naye alikuwa akisema kwa sauti kuu, lakini sauti yake haikumzuia mwenye silaha. Askari aliutafsiri mwenendo wa mtu kwa jinsi alivyozoea: aliyekaa bila kutii ni mkaidi, anayekimbia ana hatia, aliyeshika kitu ameshika silaha. Kwa watu wengi tafsiri hiyo huenda ikawa sawa. Kwa mtu mwenye usonji yaweza kuwa kosa la mauti.

Usonji ni nini basi? Si wazimu, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni, na sehemu kubwa ya asili yake ni urithi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana juu ya jambo moja wanalolipenda. Wengi huona taabu kumtazama mtu machoni. Wengi huyapokea maneno kama yalivyotamkwa, wala hawaoni fumbo, mzaha au kitisho kilichofichwa ndani yake. Kelele, taa kali au mguso wa ghafula vyaweza kuwaumiza kweli kweli. Ili kujituliza, wengine hujitikisa, hupunga mikono, au hushika kitu kimoja wakakigeuza-geuza mkononi. Mambo yakiwazidi, hupiga kelele, hukimbia, au huganda kama gogo. Wako watakaohitaji msaada maisha yao yote, na wako wanaofanya kazi za uhandisi, ufundi na ualimu.

Tiba ya kumkubali mtu alivyo haieleweki vizuri pasipo kujua yaliyotangulia. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger aliandika habari za watoto wengine huko Vienna, wakati Austria ilipokuwa chini ya Wanazi. Uchunguzi wa mwanahistoria Herwig Czech, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba Asperger alishiriki katika kupeleka baadhi ya watoto Am Spiegelgrund, mahali ambapo mamia ya watoto wenye ulemavu waliuawa. Hivyo, tangu mwanzo swali lilikuwa ni kama mtu wa namna hii ana thamani kwa taifa au hana, na katika zama zile jibu lilitolewa kwa kifo.

Baada ya vita lawama iliwaangukia akina mama. Ilisemwa kwamba mtoto alijifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama yake alikuwa na moyo wa barafu. Bruno Bettelheim aliieneza fikira hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuonyesha kwamba chanzo kimo katika mwili. Akina mama wengi waliishi na aibu isiyokuwa yao.

Ndipo ikaja njia ya tatu, ambayo askari ataitambua upesi, kwa kuwa inafanana na kwata. Katika chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas aliwafundisha watoto kwa amri fupi, marudio mengi, zawadi na adhabu. Katika miaka ya 1960 adhabu hizo zilikuwa pamoja na makofi na mishituko ya umeme. Mwaka 1987 alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 hivi kila juma, 9 walifikia hali aliyoiita ya kawaida. Habari hizo ziliwapa wazazi wengi tumaini, na njia yake ikaenea. Baadaye wengi wanaoifuata waliziacha adhabu kali, lakini shule moja katika jimbo la Massachusetts iliendelea kutumia umeme. Mwaka 2013 Juan Méndez, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, aliona kwamba wanafunzi wa shule hiyo wamevunjiwa haki yao ya kutoteswa. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku vyombo hivyo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka 2022 ikabidi Bunge la nchi hiyo libadili sheria ili kuipa serikali uwezo wa kuvikataza.

Wahenga wetu walisema: samaki mkunje angali mbichi. Maneno hayo ni ya hekima, na hatuna nia ya kuyapinga. Lakini mwenye kukunja hana budi kujua anakunja nini. Mtoto aliyefundishwa kwa adhabu amtazame mwalimu machoni hakufundishwa kuelewa uso wa mwalimu. Amefundishwa kuvumilia maumivu bila kuyaonyesha. Mwenendo wake umebadilika kwa nje, na taabu yake imebaki ndani ilipokuwa.

Waliolisema hilo kwa sauti kuu ni watu wenye usonji wenyewe. Mwaka 1993 Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaambia wazazi katika mkutano mjini Toronto kwamba wasimwombolezee mtoto aliye hai mbele yao. Mwaka 1998 Judy Singer wa Australia aliandika kwamba tofauti za bongo za binadamu zatazamiwa kama tofauti nyingine za viumbe. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi Mwingereza mwenye usonji, alitoa hoja iliyowagusa wanasaikolojia wengi. Alisema kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili: kama mtu mwenye usonji hamwelewi mwenziwe, basi na mwenziwe hamwelewi yeye. Mwaka 2020 wataalamu wa Edinburgh waliwapa watu hadithi waipokezane mmoja baada ya mwingine. Walikuta kwamba watu wenye usonji walipokezana habari wao kwa wao kwa usahihi uleule wa watu wengine; habari zilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa. Jaribio kubwa zaidi lililotangazwa mwaka 2025 halikuona upungufu huo wa makundi yaliyochanganywa, lakini nalo halikuonyesha kwamba watu wenye usonji ni wabovu wa kupeana habari.

Mwanasaikolojia anayefuata njia ya kumkubali mtu alivyo huanzia hapo. Kwanza huchunguza mahali kabla ya kumchunguza mtu: hupunguza mwanga wa chumba, huondoa kelele, humwachia mgonjwa ajitikise au ashike kitu chake. Hamlazimishi kumtazama usoni. Humwuliza swali moja kwa wakati mmoja kwa maneno yasiyo na fumbo, kisha humngoja. Asiyeweza kusema hupewa nafasi ya kuandika au kuonyesha picha. Kisha wawili hao, na jamaa wakiwapo, hutafuta mambo yanayomzidi mtu huyo na yale yanayompa nguvu, wakapanga namna ya kuishi. Hofu, huzuni na majeraha ya moyo hutibiwa kama kwa mtu mwingine yeyote. Lisilotibiwa ni ule utofauti wenyewe, kwa kuwa hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Faida ya njia hiyo yaonekana tukitazama hasara ya kinyume chake. Watu wengi wenye usonji, hasa wanawake, hujifunza kuificha hali yao. Huiga vicheko vya wenzao, hujilazimisha kutazama machoni, na hujizuia mikono isitikisike. Askari anaujua uchovu wa lindo la usiku kucha. Mtu huyu yumo lindoni kila siku, na anayemlinda asitoroke ni yeye mwenyewe. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2014, juu ya watu wazima 374 waliotambuliwa kuwa na usonji wa aina iliyoitwa Asperger, ulikuta kwamba asilimia 66 walikuwa wamewahi kufikiri kujiua. Chunguzi zilizofuata zimeihusisha hatari hiyo na mzigo wa kujificha.

Yafaa kusema pia kwamba njia hii ina wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa. Wako wazazi ambao watoto wao hujigonga kichwa ukutani, hawasemi, hawalali, na huhitaji uangalizi wa saa zote 24. Wazazi hao huuliza kama maneno mazuri juu ya utofauti hayatawasahaulisha watu taabu yao. Mwaka 2021 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet ilipendekeza kwamba watu wenye mahitaji makubwa namna hiyo watajwe kwa jina lao, ili huduma isiwapite. Sisi twaonelea kwamba kumkubali mtu si kumwacha bila msaada. Mtoto anayejiumiza yapasa azuiwe kujiumiza. Lakini kwanza yapasa kuuliza kinachomsukuma. Pengine ni jino linalomwuma, naye hana neno la kulitaja.

Sasa turudi kwa askari. Kwata ni jambo jema mahali pake. Kijana aliyejiunga na jeshi kwa hiari hufundishwa kutii amri papo hapo, kwa sababu siku ya vita uhai wa wenzake utategemea utii huo. Hatari huanza pale askari anapokitoa kipimo hicho uwanjani akakipeleka barabarani, akadhani kwamba kila raia aliyeamriwa asimame atasimama, na asiyesimama ni adui. Tufikirie kizuizi cha barabarani usiku. Gari la abiria limesimamishwa, tochi zinamulika, sauti tatu zinaamuru kwa pamoja. Kijana mmoja hashuki. Anajitikisa, haangalii mtu, anarudia maneno yaleyale aliyoambiwa. Akiulizwa kitambulisho anasema, kitambulisho. Wengi wetu tutaona dharau, au ulevi. Kofi likimpata atapiga kelele na kukimbia, na hapo bunduki itakuwa imekwisha kupata sababu.

Yule mwanasaikolojia angefanyaje mahali hapo? Yale yale anayoyafanya chumbani mwake. Angetaka askari mmoja tu aseme, kwa sauti ya chini na maneno machache: kaa hapa, nionyeshe mikono. Angehesabu mpaka kumi kabla ya kurudia amri. Angeshusha tochi isimulike macho, angezima king'ora, na angemzuia mtu asimguse kijana huyo ghafula. Kitu alichoshika kikionekana si silaha, angemwachia. Zaidi ya yote, angegeuka kwa wale waliofuatana naye na kuwauliza: huyu ni nani, na ana hali gani? Huko North Miami jibu la swali hilo lilikuwa likipigiwa kelele barabarani. Kuuliza si ujinga, na swali moja huchukua muda mfupi kuliko maandishi ya faili la mauaji.

Hatusemi kwamba askari aache tahadhari. Mtu mwenye usonji aweza kushika kisu kama mtu mwingine, na mwenye wajibu wa kulinda uhai hawezi kufumba macho. Tunachosema ni kwamba umbali, kificho na subira ni silaha pia, na askari aliyefunzwa vyema huzitumia hizo kwanza pale nafasi inaporuhusu.

Na kazi haiishi barabarani. Kituoni, mshitakiwa asiyemtazama mpelelezi usoni huandikwa kwamba anaficha jambo, na anayekubali kila anachoulizwa huandikwa kwamba amekiri. Mtu mwenye usonji aweza kukubali ili kelele ziishe tu. Huko Uingereza, Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, pamoja na kanuni zake, inataka mtu dhaifu wa namna hiyo asihojiwe pasipo mtu mzima anayefaa kuketi pamoja naye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama, katika kifungu cha 13, kuwapa mafunzo yafaayo watumishi wa haki, wakiwamo polisi na askari wa magereza. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo ahadi hii imekwisha kuwa yetu pia. Wanasaikolojia wa tiba ni wachache katika nchi zetu, lakini saa mbili za darasa katika chuo cha polisi, zikifundishwa na mtaalamu mmoja pamoja na mzazi mmoja, hazihitaji bajeti kubwa.

Liko pia jambo ambalo wakuu wa majeshi wanafaa kulipima. Katika nchi ileile alimouawa yule mtu wa Jerusalem, tangu mwaka 2013 pamekuwapo mpango wa jeshi wa kuwapokea vijana wenye usonji ambao zamani walisamehewa utumishi. Baadhi yao wamewekwa katika kitengo cha 9900, wakichambua picha zilizopigwa kutoka angani, kwa kuwa wanaweza kutazama kwa muda mrefu na kuona badiliko dogo ambalo wengine hulipita. Maoni yoyote mtu awayo nayo juu ya vita vya nchi hiyo, funzo ni dhahiri. Namna ileile ya akili, isipotambuliwa, iliweza kuonekana barabarani kuwa tishio. Ilipotambuliwa ikapewa kazi ya kuaminiwa. Kilichobadilika ni maarifa ya wanaomtazama mtu huyo.

Mwisho, tusisahau kwamba askari naye ni mzazi. Katika nyumba za kambi zetu wamo watoto ambao hawakusema walipotazamiwa kusema, na ambao fimbo imejaribiwa juu yao ikashindwa. Mficha uchi hazai. Baba mwenye mtoto wa namna hiyo ampeleke hospitali mapema, aulize habari za usonji kwa jina lake, wala asione haya mbele ya wenziwe wala asimwachie mkewe lawama. Atakayejifunza nyumbani kumngoja mwanawe atafute neno, atajua pia kumngoja mtoto wa mwingine siku atakapokutana naye kizuizini usiku.